Windo linapohama: maswali yenu kuhusu droni na algoridhimu za wanyama

Kati ya mbwa mwitu, nyangumi na popo, ni algoridhimu ipi bora ya kumfuata kifaru anayetembea? (Nakuru)

Swali hili limerudi tena. Algoridhimu hizi ni hatua za kompyuta za kutafuta jibu, zilizopewa majina ya wanyama. Anza na kundi la chembe (PSO), la Kennedy na Eberhart wa 1995, ulielewe mpaka mwisho: kila chembe ni kisio kimoja cha mahali windo, yaani kinachofuatwa, lilipo. Nyingi za hizo nyingine ni kanuni ileile iliyovishwa ngozi mpya: vutwa na aliye mbele, changanya na bahati nasibu kidogo. Anayebadilisha mnyama kila mwezi hajapima bado kinachomwangusha. Na hifadhini Ziwa Nakuru usirushe chochote bila kibali cha KWS, shirika la wanyamapori.

Nafuata kisiwa cha magugumaji kinachoelea Ziwa Victoria, karibu na Dunga. Mwanzoni chembe hukipata, kisha zote hurundikana mahali kilipokuwa. (Kisumu)

Hapa ndipo kazi ilipo. Kila chembe imehifadhi mahali ilipowahi kupata alama bora, nayo alama hiyo ilipimwa magugu yakiwa pale. Upepo umeyasukuma, alama imebaki, na bado inavuta kundi zima. Pima upya kumbukumbu zote kila mzunguko; zilizo nje ya picha ya kamera, zipunguzie alama kwa asilimia 5 kila mara hadi zikose nguvu.

Kisha angalia kigezo cha mwendo, yaani kiasi cha mwendo wake wa awali ambacho chembe huendelea nacho. Wengi hunakili programu inayokishusha kutoka 0.9 hadi 0.4. Utaratibu huo unafaa windo lililosimama: chembe hutulia zikikaribia jibu. Windo likihama, zimekwisha kuganda. Kiache 0.729, na mivuto yote miwili, wa kumbukumbu ya chembe yenyewe na wa aliye mbele kundini, 1.494. Katika chembe 30, tawanya upya 5 kila mzunguko kuzunguka pale ambapo kichujio cha Kalman, hesabu inayolainisha vipimo na kukisia hatua ijayo, kinatabiri windo litafika.

Kikomo cha kasi ya chembe kisipungue mara mbili ya umbali ambao windo huhama kati ya vipimo viwili. Magugu ni ya polepole. Bodaboda ya kilomita 40 kwa saa hukata mita 11 kwa sekunde; ukipima kila nusu sekunde, imeshahama mita 5.5, kwa hiyo weka mita 11 kwa mzunguko.

Tahadhari moja ambayo hukuuliza: juu ya maji, kamera ya droni inayotazama chini hudanganywa na mawimbi, na droni huteleza ikidhani imetulia. Shikilia mahali kwa GPS.

Kwa hiyo ninunue droni 30? (Kakamega)

Hapana. Chembe huishi ndani ya kompyuta. Inaruka droni moja.

Betri huisha mapema Nakuru kuliko Kisumu. Ni algoridhimu? (Nakuru)

Kidogo ni hewa: Nakuru iko kwenye mita 1,850 hivi, Kisumu 1,130, na hewa yenu ni nyepesi kwa takriban asilimia 7, hivyo mapanga huzunguka kasi zaidi. Lakini chunguza pia amri unazotuma. Ukiielekeza droni kwa chembe bora moja kwa moja, itayumba kila chembe hiyo inaporuka, na kila yumbo linakula betri. Tuma makadirio yaliyochujwa na Kalman, si chembe.

Kwa majaribio shambani kwangu nahitaji kibali? (Bungoma)

Ndiyo. Shamba ni lako, anga si lako. Soma kanuni za droni za KCAA, mamlaka ya usafiri wa anga, za 2020 kabla ya kufunga betri, na usimfuate mtu yeyote ambaye hajakubali.