Zinki kwenye oili inalinda chuma, haiifanyi injini kuwa nyepesi

Mkuu, umeuliza kama ile dawa ya zinki ya kuchanganya na oili itaifanya injini ya gari iwe nyepesi, yaani izunguke kwa urahisi, na kama unaweza kuimimina pia kwenye bodaboda yako. Kwa bodaboda, usithubutu. Kwa gari, ngoja nikusimulie yaliyonikuta.

Tulifumua injini ya Peugeot 504 pikapu hapa Arusha, tukafunga kamshafti mpya (mhimili wenye nundu zinazofungua valvu) na tapeti mpya, vile vipande vinavyosukumwa na nundu hizo. Mwenye gari akaja na oili yake, 5W-30 ya bei mbaya, ya magari mapya ya petroli. Nikaona si haba. Wiki sita hazikuisha akarudi, injini inagonga kama cherehani. Nilipochomoa tapeti, nyuso zake zilikuwa zimechimbika katikati kama visahani.

Tapeti za 504 hazina rola, chuma kinaparuza juu ya chuma, na pale kwenye ncha ya nundu ya kamshafti oili hukamuliwa isibaki kitu. Kinachookoa hapo ni zinki, wataalamu wanaiita ZDDP: zinki, fosforasi na salfa, imo kwenye oili tangu miaka ya 1940. Joto na mgandamizo vikiibana, huvunjika na kugandia chuma, ikawa ngozi ngumu mithili ya kioo, nyembamba kuliko unywele mara mamia. Inalika ngozi badala ya chuma, na ikichubuka inaota nyingine.

Sasa hapa ndipo wengi tunajichanganya, na mimi nilikuwemo. Ngozi hiyo haitelezi! Maabara wakiipima, kigezo cha msuguano hubaki 0.1 na ushee, mara nyingine juu kidogo ya oili isiyo na dawa kabisa. Huota kwa mabaka, uso wa chuma ukaparara, oili ikapata kazi zaidi kuvitenganisha vyuma viwili. Kinachoshusha msuguano ni dawa nyingine, kama ile ya molibdeni, ambayo hali ikiruhusu huufikisha karibu 0.05. Na zote zinagombea uso uleule wa chuma. Ukimimina chupa yako juu ya oili ambayo kiwandani walishaipimia, unacheza bahati nasibu.

Mbona ile 5W-30 ilituangusha? Fosforasi inaharibu masega, kile kichujio cha moshi kwenye egzosi, kwa hiyo tangu daraja la ubora wa oili la API SM la 2004 oili nyepesi za petroli zimewekewa kikomo cha asilimia 0.08. Injini za siku hizi zenye rola hazijali. 504 inajali. Ila sitaibebesha oili lawama zote, maana na sisi tuliiwasha ile kamshafti mpya kikavu, bila kuipaka grisi yake ya kufungia.

Mara ya pili tuliipaka, tukaishikilia injini kwenye mizunguko kama 2000 kwa dakika 20 bila kuiacha sailensa, yaani mzunguko wa chini bila kukanyaga mafuta, tukatia 15W-40 ya dizeli, ambayo zinki yake inatosha bila chupa yoyote. Baadaye gasketi ya silinda hedi ikaungua, tukafungua tena. Tapeti zilikuwa bapa, na usoni zina madoa ya kahawia yanayokaribia buluu, kama chuma kilichopitiwa na moto. Kijana wangu akachukua msasa asugue, akidhani ni kutu. Nikamshika mkono. Ile ndiyo ngozi yenyewe.

Turudi kwenye bodaboda. Klachi yake inaogelea kwenye oili ileile ya injini, nayo inaishi kwa msuguano. Chupa nyingi za dukani huchanganya zinki na vitelezeshi, na vitelezeshi ndivyo vinavyoua pleti za klachi. Nimeshaletewa pikipiki inanguruma kilimani na haiendi, klachi inanuka kama kwato iliyoungua, kumbe jamaa katia oili ya gari ya kubana mafuta. Geuza kopo utafute alama ya JASO MA au MA2, ya oili ya pikipiki zenye klachi ya kuogelea. Ukikuta MB, mwachie mwenye skuta.