Maswali ya Wasomaji: Spika, Amplifaya au Mashine ya Santuri?

SWALI: Ndugu Mhariri, mtambo wangu wa muziki una mashine ya santuri, kicheza CD, amplifaya ya wati 40 kwa kila upande na spika mbili ndogo, ambazo nimeziweka juu ya makabati katika pembe za chumba chenye urefu wa mita 4 na upana wa mita 3. Sauti za waimbaji zimefifia, besi huvuma katika noti fulani na kupotea katika nyingine, na nikiongeza sauti muziki huwa mkali masikioni. Akiba yangu inatosha kununua kifaa kimoja tu. Muuzaji ananishauri nichukue amplifaya yenye wati maradufu, ilhali rafiki yangu anashikilia kwamba mashine ya santuri ndiyo chanzo cha sauti yote na hivyo ibadilishwe kwanza. Nimfuate nani?

JIBU: Ndugu msomaji, kwa sasa usimfuate yeyote kati yao. Kwa jinsi ulivyoeleza, kifaa kinachostahili akiba yako ni spika, lakini usiiguse akiba hiyo kabla hujazihamisha spika ulizo nazo, kwa sababu sehemu ya malalamiko yako inatokana na chumba chenyewe.

Sauti nzito ina mawimbi marefu, na wimbi linalokwenda na kurudi kati ya kuta mbili zinazotazamana hujiongezea nguvu katika masafa yanayolingana na umbali wa kuta hizo. Katika chumba chenye vipimo ulivyotaja, nguvu hiyo hujitokeza karibu na hezi 43 (yaani mitetemo 43 kwa sekunde) kwa urefu na hezi 57 kwa upana, kisha katika vizidishio vya namba hizo, na ndiyo maana noti moja huvuma huku ya jirani yake ikipotea. Mawimbi hayo huchochewa kwa nguvu zaidi kwenye pembe, yaani pale pale ulipoziweka spika zako. Spika mpya za gharama kubwa zikiwekwa mahali hapo zitavuma vile vile, na pengine zaidi, kwa kuwa huenda zikashuka chini kuliko za sasa.

Kwa hiyo ziondoe kwenye pembe, uzisimamishe juu ya stendi imara, nusu mita au zaidi kutoka ukuta wa nyuma, twita, yaani vile vipaza vidogo vya sauti nyembamba, zikiwa usawa wa masikio yako unapokuwa umeketi, na umbali kati ya spika hizo ukaribiane na umbali kutoka kila spika hadi kwenye kiti chako. Kiti nacho kisiegemee ukuta, kwa maana besi hurundikana hapo. Zulia kati yako na spika litapunguza mwangwi wa sauti nyembamba, ingawa halitaigusa besi. Sikiliza hivyo kwa siku kadhaa, na nathubutu kusema kwamba waimbaji wako watasikika vizuri zaidi kabla hujatoa senti.

Ukali uliobaki baada ya hapo unahitaji kuchunguzwa kivingine. Cheza wimbo mmoja ulio nao kwenye CD na kwenye santuri pia. Ukiwa mkali kwenye santuri peke yake, hasa katika nyimbo zilizo karibu na katikati ya sahani, shuku sindano kabla ya kuishuku mashine nzima. Kwenye santuri kubwa inayozunguka mara 33 na theluthi kwa dakika, mfereji hupita chini ya sindano kwa sentimita 51 hivi kwa sekunde kule ukingoni, lakini kwa takriban sentimita 21 tu karibu na lebo, kwa hiyo mawimbi yale yale hubanwa katika nafasi ndogo sana, na sindano iliyochakaa hushindwa kuyafuata. Watengenezaji wengi hukadiria maisha ya sindano kuwa kati ya saa 500 na 1,000 za kuchezwa. Ikiwa huna hakika kwamba yako iliwahi kubadilishwa, hiyo ni kazi ndogo isiyohitaji kumaliza akiba.

Msimamo wa rafiki yako una historia ya heshima. Kampuni ya Linn ya Scotland, watengenezaji wa mashine za santuri, iliyoanzishwa mwaka 1973 na Ivor Tiefenbrun, ilieneza hoja kwamba kilichopotea kwenye chanzo hakiwezi kurudishwa na kifaa chochote kinachofuata. Hoja hiyo ni sahihi, ila ilienea wakati ambapo santuri ilikuwa chanzo kikuu cha muziki wa nyumbani. Tangu CD ilipoingia sokoni mwaka 1982, hata kicheza cha kawaida hutoa sauti yenye upotofu mdogo mno, ilhali spika, ambayo ni koni inayosukuma hewa, inaweza kupotosha besi kwa asilimia 1 au zaidi. Tofauti kati ya spika mbili husikika hata kwa mtu asiyejali mambo haya.

Kuhusu wati, muuzaji amekueleza nusu ya habari. Kuongeza wati maradufu huleta desibeli 3 tu (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti), wakati sikio huhitaji takriban desibeli 10, yaani wati mara kumi, ili kuona kwamba sauti imekuwa kubwa maradufu. Tazama katika kijitabu cha spika kiwango cha sauti kinachotolewa kwa wati 1 katika umbali wa mita 1. Kama zako zina desibeli 84 nawe ukanunua zenye 90, wati zako 40 zitafanya kazi ya wati 160. Hakikisha tu kwamba ukinzani wa spika hizo, yaani kiasi zinavyouzuia umeme, ambao hupimwa kwa omu, unakubaliwa na amplifaya yako, kwa kuwa si kila amplifaya iliyotengenezewa omu 8 inayovumilia omu 4. Ningeanza na amplifaya endapo tu ingekuwa inaunguruma, inakata upande mmoja, au inapata joto lisilo la kawaida.

Unapolinganisha spika dukani, omba ziwekwe katika kiwango kimoja cha sauti. Watafiti wa usikivu Fletcher na Munson walionyesha mwaka 1933 kwamba sauti ikipunguzwa, sikio hupoteza besi haraka kuliko sauti za kati, hivyo spika inayolia kwa nguvu kidogo zaidi huonekana kuwa na besi bora hata kama haina.

SWALI: Spika zangu za zamani zilikuwa nzuri, lakini sponji inayozunguka koni imemomonyoka. Nizitupe?

JIBU: Hapana. Sponji ya aina hiyo huoza kwa umri hata spika isipotumika, na fundi anaweza kubandika nyingine. Kwanza isukume koni taratibu kwa vidole, ukiigusa pande zote kwa usawa. Isipokwaruza ndani, koili yake, yaani waya uliozungushwa unaoisukuma koni, huenda ni nzima na matengenezo yana maana. Ikikwaruza, mweleze fundi kabla hajanunua sponji, na mwombe akague pia kapasita, yaani vipuri vidogo vya umeme, zilizo ndani ya kasha.