Kushuti video ya mziki ziwani Kisumu: fika kabla ya upepo

Saa nane mchana Jumamosi tulishuka matatu watu tisa, na trepodi, spika na begi mbili za nguo, tukatembea mpaka bichi, na maji hayakuwepo. Ziwa lilikuwa pale pale, lakini juu yake ni kijani tupu, gugumaji limejaa kutoka ukingoni mpaka upeo wa macho, na mimi ndio nilikuwa nimekuja Alhamisi kuangalia lokesheni nikapiga picha za maji safi kabisa nikatuma kwa grupu ya WhatsApp kila mtu akasema wow. Mzee mmoja alikuwa anashona wavu chini ya mti, akacheka sana. "Kijana wangu, hii kitu inatembea. Upepo ukiisukuma usiku, asubuhi unaipata kwingine."

Hiyo ilikuwa projekti yetu ya mwaka wa mwisho. Siku hizi naedit video za watu hapa Kisumu na kila muhula wanafunzi wananiuliza mambo ya kushuti ziwani, so wacha niandike mara moja.

Kabla ya kamera, tafuta jakom, yaani mwenyekiti wa bichi. Kila bichi iko na BMU, yaani kamati ya bichi, na mwenyekiti wao akijua mmekuja kufanya nini mambo mengi yanajipanga yenyewe: nani ana boti ya kukodisha, wapi msikanyage, na la muhimu zaidi, unabaki na namba ya mtu wa kupigia saa kumi na moja asubuhi umuulize maji yako aje leo. Barua ya chuo beba, ilitusaidia sana. Na kama video itatoka nje ya darasa ujue Sheria ya Filamu, Sura ya 222, inataka leseni ya kushuti, usijifanye hukuambiwa. Droni nayo lazima iwe imesajiliwa na KCAA, mamlaka ya usafiri wa anga, na kumbuka uwanja wa ndege wa Kisumu uko hapo hapo kando ya ziwa, kwa hivyo hata kama una rafiki mwenye droni, mimi ningeachana nayo.

Sasa mwanga. Kila mtu anataka sanseti. Nawaelewa, jua likizamia ghubani ni kitu ya kuona, lakini ukiwa ufuoni kamera ikiangalia ziwa, jioni jua liko nyuma ya msanii na uso wake unabaki kivuli cheusi, na sisi wenye ngozi nyeusi kamera ya simu hapo inatupoteza kabisa unaona meno tu. Tena hapa ikweta iko karibu sana, jua linashuka wima, ule mwanga wa dhahabu mnaousifu unaisha kabla dansa hajamaliza kubadilisha viatu. Asubuhi ni kinyume: jua linatoka upande wa mji, liko nyuma ya kamera, linampiga msanii usoni na ziwa nyuma yake linakaa bluu. Kuanzia saa moja hadi saa tatu, hapo ndio unashuti verse zote. Sanseti iwekee shoti mbili tatu za mwisho ambazo huhitaji uso. Ikibidi uso, nunua karatasi mbili za manila nyeupe, mtu ashike chini ya kidevu nje ya fremu, inarudisha mwanga vizuri tu.

Upepo pia ni wa asubuhi. Mapema unatoka nchi kavu kwenda ziwani na huwa mpole. Jua likishachoma ardhi unageuka, unatoka ziwani, na ifikapo alasiri unaangusha trepodi, wigi linaenda kivyake, na mara nyingi mawingu yako nyuma yake.

Shida ya asubuhi ni kwamba ndio watu wako kazini. Wavuvi wa omena, wale samaki wadogo wadogo, wanarudi na taa zao za usiku, akina mama wanangoja, bei zinapigwa kelele. Ni mandhari tamu kuliko seti yoyote utakayojenga, lakini usimwambie mtu arudishe boti majini ati hukupata shoti. Dansa wetu mmoja aliruka juu ya wavu wenye omena imeanikwa, akakosea, akatua katikati. Mama mwenyewe hata hakupiga kelele, alisema tu, "Wanangu, hiyo ni karo ya shule mnakanyaga." Tulimwomba msamaha, tukanunua omena gorogoro mbili, yale makopo ya kupimia, na tukaenda nyumbani tukinuka kama soko.

Kuhusu sauti, spika iwe karibu na msanii, sio karibu na kamera. Sisi tulimweka jamaa kwa boti na spika ikabaki ufuoni karibu mita mia moja. Sauti inachukua kama theluthi ya sekunde kufika huko, hizo ni fremu saba hivi kwa video ya fremu 25 kwa sekunde, ukiwa unaedit unaona mdomo unachelewa na hujui kwa nini. Na ukitaka slomo, ule mwendo wa polepole, akiwa anaimba, yaani unashuti fremu 50 kwa sekunde halafu unaicheza kwa 25, wimbo lazima uchezwe spidi mara mbili naye aimbe haraka hivyo hivyo. Sisi tulisahau. Korasi nzima alionekana kama mtu anatafuna chapati.

Boti ni laifujaketi kila mtu, na mwenye boti akisema hapo kuna kiboko usibishane. Kusimama kwa maji ya magoti kando ya majani ni kuzuri kwa kamera lakini konokono wa kichocho wanapenda hapo hapo, mshutie kwa mwamba.

Tulirudi Jumanne, wanne tu, saa kumi na mbili asubuhi, maji yamefunguka. Tukamaliza kabla ya saa nne. Zile shoti za Jumamosi sikuzitupa, niliweka dakika nzima katikati ya wimbo, msanii amesimama ukingoni na kijani chote kile nyuma yake. Siku ya kupresent mwalimu alisimamisha video hapo akauliza hilo shamba ni la nani.