Kant hakusema dunia ni kiinimacho

Jumamosi iliyopita niliketi kiti cha nyuma nikimsikiliza mwezeshaji wetu mpya. Kijana ana sauti nzuri, anapenda watu, na amesoma. Haikufika robo saa akaandika ubaoni Erscheinung, neno la mwanafalsafa Mjerumani Kant, akalifasiri: "kiinimacho". Watu wote wakainama kunakili. Nilitamani kusimama nimpokonye chaki.

Neno hilohilo niliwahi kuliandika mimi, ubao huohuo, na lilimuumiza mtu. Kwa hiyo haya ni kwenu nyote mnaoanza kushika vikundi vya watu wazima. Nawapenda, lakini kwa hili sina subira.

1. Anzeni na Prolegomena, kitabu cha Kant cha 1783, si na Fenomenolojia ya Roho ya 1807 ya Hegel, mwanafalsafa Mjerumani aliyemfuata. Kant mwenyewe anasema mwanzoni kwamba hakuiandika kwa ajili ya wanagenzi bali kwa walimu watarajiwa. Basi isomeni ninyi kwanza, mara mbili, ndipo muwapelekee watu.

2. Kila nukuu iwe na namba yake ya A au B: A ni toleo la 1781 la Kritik der reinen Vernunft, kitabu kikuu cha Kant, B ni la 1787. Kila mmoja huja na tafsiri yake, mwingine anasoma kwenye simu, na bila namba hizo za pambizoni nusu saa inaishia kwenye "ukurasa wa ngapi?" Usiseme "Kant anasema mahali fulani". Hiyo "mahali fulani" ndiyo iliyonifikisha kwenye namba tatu.

3. Erscheinung si Schein, yaani udanganyifu. Kikundi changu cha kwanza kilikuwa na madereva wawili, karani mstaafu, vijana kadhaa waliokatiza chuo, na mama mmoja fundi cherehani aliyekaa siku zote karibu na dirisha, daftari lake amelijalidi kwa kipande cha kitenge. Nilikuwa na haraka ya kuwashangaza. Nikawaambia kwamba kwa Kant nafasi na wakati si sifa za vitu vyenyewe, ni namna yetu sisi ya kuvipokea. Ningeishia hapo ningekuwa sawa. Nikaongeza: "Kwa hiyo yote mnayoyaona ni kiinimacho." Wengine wakacheka, wengine wakaguna, nikaona somo limekolea. Yule mama akanyoosha mkono.

"Mwalimu, mwanangu nimemzika juzijuzi. Naye alikuwa kiinimacho?"

Nilipaswa kusema sijui. Nilipaswa kusema mama, nisubiri nikasome. Nikajibu: "Kwa lugha ya falsafa, ndiyo."

Hakulia wala hakubisha. Alifunika kalamu, akakunja miwani, akakaa kwa adabu hadi mwisho wa kipindi, akaaga. Jumamosi iliyofuata kiti cha dirishani kilikuwa kitupu, na iliyofuata pia.

Nilikwenda kwenye kitabu kutafuta pa kujitetea. Nikakutana na B69. Pale Kant anaeleza waziwazi kwamba anaposema vitu vinatutokea katika nafasi na wakati, hasemi kwamba vitu hivyo ni Schein tupu. Mfano wake wa udanganyifu ni sayari ya Zohali, ambayo watazamaji wa zamani walidhani ina vishikio viwili ubavuni. Vishikio ni Schein. Zohali yenyewe ipo. Tunaijua kama inavyoweza kujulikana na viumbe wa namna yetu, basi. Maneno hayo huyapati katika A. Aliyaongeza 1787, kwa kuwa kosa langu lilikuwa limeshafanywa na wakubwa kabla yangu: Januari 1782 jarida moja la wasomi la Göttingen lilichapisha mapitio yasiyo na jina la mwandishi, yakamtia kapu moja na Berkeley, mwanafalsafa aliyesema vitu vya nje vipo katika akili tu. Kant alikasirika. Kiambatisho cha Prolegomena kimejaa hasira hiyo, na kwenye B274 akaweka sehemu nzima ya kukanusha udhanifu, yaani dai kwamba vitu vya nje havipo au havina hakika, akitetea kwamba hata kujijua kwangu mimi kuwa nipo katika wakati kunahitaji vitu vilivyopo kweli nje yangu.

Nje yangu. Nilisoma maneno hayo usiku nikimkumbuka yule mama na nikaona haya.

Nilimfuata kibandani kwake. Alikuwa akitia pindo sare ya shule. Nikamwomba radhi, nikamsomea B69 nimesimama mlangoni, naye akisikiliza bila kuondoa mguu kwenye cherehani.

"Kwa hiyo siku ile hukuwa umesoma," akasema.

"Sikuwa nimesoma, mama."

"Mwanangu alikuwepo."

"Alikuwepo."

Akakata uzi kwa meno, akasema Jumamosi atakuja. Alikuja.

Fasirini Erscheinung "kitu kinavyotutokea". Ni refu, halipendezi ubaoni. Liacheni hivyohivyo.

4. Acheni ile pembetatu mnayomchorea Hegel: dai, kinyume chake, kisha muungano wa hayo mawili. Utaratibu huo wa hatua tatu mtaukuta kwa Fichte, mwanafalsafa aliyemtangulia Hegel. Aliyeueneza kama ufunguo wa Hegel ni Chalybäus, mwandishi wa historia ya falsafa, mwaka 1837, Hegel akiwa kaburini tangu 1831. Katika dibaji ya 1807 Hegel mwenyewe anawalalamikia wanaogeuza utatu kuwa ruwaza isiyo na uhai. Na aufheben, neno analolitegemea sana Hegel, msilitafutie haraka neno moja la Kiswahili: ni kutangua, kuhifadhi na kuinua kwa pamoja. Andikeni yote matatu.

5. Yale aliyoyasema Hegel kuhusu Afrika msiyafiche. Yamo katika mihadhara ya falsafa ya historia iliyochapishwa 1837 baada ya kifo chake: Afrika anaitoa nje ya historia ya ulimwengu, na hakuwahi kukanyaga huku, alitegemea simulizi za wasafiri na wamisionari. Wanafunzi wenu watayaona wenyewe kwenye simu, watajiuliza kwa nini mlinyamaza. Yasomeni pamoja, neno kwa neno, na mtu akikasirika mwacheni akasirike. Karani wangu mstaafu alikasirika wiki mbili, kisha akarudi na maswali bora kuliko yote niliyowahi kuulizwa kuhusu uhuru kwa Hegel.

6. Wiki ya Fichte anzeni na maisha yake. Mtoto wa mfuma utepe wa kijijini Rammenau, mwaka 1792 kitabu chake kikatoka bila jina na watu wakadhani ni cha Kant, mpaka Kant mwenyewe akawasahihisha. Hata dereva aliyetoka zamu ya usiku ataamka.

Nimezungumza na yule kijana. Alinyamaza, kisha akauliza: "B69, kaka?" Jumamosi hii atafuta neno lile ubaoni na kuwasomea watu aya nzima. Yule mama hakuwepo wiki iliyopita, alikuwa na sare za kumaliza. Wiki hii atakuwepo, pale dirishani.