Muulize Mzee wa Ushirika: Baada ya janga, aanze kuinuliwa nani?

SWALI: Shikamoo mzee. Mimi ni mgumu, napandisha mizigo mlimani kwa njia ya Machame. Mwaka 2020 korona ilipokata watalii tulirudi vihambani, mashamba yetu ya nyumbani. Wenye kampuni nao walilia, lakini wao walikuwa na magari ya kuuza. Watalii waliporudi, tukarudi na posho ileile, bila mkataba. Kijiweni kuna jamaa anasema Marekani iliwahi kuanguka vibaya zaidi, rais wao akaiinua kwa kuwapa vijana kazi. Ni kweli? Kwetu inawezekana, au hayo ni ya matajiri?
Mgumu, Machame

JIBU: Marahaba mwanangu. Jamaa yako hajakudanganya, ila kakuachia habari njiani.

Rais huyo, Franklin Roosevelt, aliapishwa Machi 1933. Karibu robo ya wafanyakazi wa Marekani hawakuwa na kazi, na benki zilikuwa zinakufa moja baada ya nyingine. Alizifunga zote kwa siku kadhaa, zikakaguliwa, zenye afya zikafunguliwa. Mwaka huohuo ikawekwa bima ya amana, ili benki ikifilisika mtu mdogo asizame nayo. Kisha vijana wasio na ajira wakapelekwa makambini kupanda miti na kuchonga njia za hifadhi. Mshahara dola 30 kwa mwezi, na 25 kati ya hizo zilitumwa nyumbani kwao. Hapo ndipo ninapompendea: mama wa kijana alikwenda dukani, mwenye duka akaagiza unga. Wanaotaka tuanze kwa kumsamehe tajiri kodi, tusubiri imdondokee maskini, wana subira kunizidi.

Alichokuachia jamaa yako ni hiki. Sheria ya hifadhi ya jamii ya 1935, iliyoleta pensheni ya uzee na malipo ya kukosa kazi, iliwaacha nje vibarua wa mashambani na wafanyakazi wa majumbani. Wamarekani Weusi wengi walikuwa humo, na kule kusini wengi wao walikuwa wamezuiwa hata kupiga kura. Asiye na wa kumsemea akasahaulika. Nakuambia hili wewe usiye na mkataba.

Kwetu inawezekana, na kipande chake tumeshakiona. Mwaka 2021 serikali ilikopa dola milioni 567 kutoka IMF, Shirika la Fedha la Kimataifa, kama shilingi trilioni 1.3, na sehemu yake ikajenga madarasa 15,000 nchi nzima. Nilikwenda kulitazama la kijijini kwetu. Fundi ni wa hapahapa, vijana wanashusha mchanga, mama lishe anapakua wali na maharage chini ya mparachichi, daftari la madeni kapakata. Uchumi wa namna hiyo nauelewa! Kasoro ni kwamba rangi ilipokauka kibarua kikaisha, na fundi hakubaki na kadi ya bima wala akiba ya uzeeni. Ningekuwa na sauti, kila mradi wa fedha za umma ungemwandikisha kibarua NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, siku ya kwanza, kabla hajashika koleo.

Sasa nyinyi wagumu. Mwaka huohuo wa 1933, bei ya kahawa ikiwa mbaya duniani, ndipo KNCU, chama kikuu cha ushirika cha wakulima wa kahawa Kilimanjaro, ilipoanzishwa hapa Moshi, juu ya msingi wa chama cha wakulima cha 1925. Mkoloni alikuwa na mkono wake humo, sikatai. Lakini mwenye kihamba alipata pa kupeleka kahawa yake bila kumbembeleza mnunuzi. Mwaka 1976 serikali yetu wenyewe ikavivunja vyama vikuu vya ushirika, mpaka sheria ya 1982 ikavirudisha. Hilo bado linaniuma.

Kwa hiyo undeni chama, na viongozi wawe wanaobeba, si wanaowatuma kubeba. Getini mzigo unapimwa, kilo 20, na mzani hauna undugu. Daini na mkataba ukaguliwe hapohapo: asiye nao asipandishwe, kama usivyopandishwa mzigo uliozidi. Kampuni zitanung'unika. Zinung'unike.

SWALI: Mzee, nauza ndizi soko la Kilombero, Arusha. Eti mikopo ya asilimia 10 ya halmashauri ni ya wenye kadi ya chama cha siasa?
Mama Ndizi

JIBU: Hapana. Iko kisheria tangu 2018, na haina riba: asilimia 4 ya wanawake, 4 ya vijana, 2 ya watu wenye ulemavu, kutoka mapato ya ndani ya halmashauri. Ushuru unaolipa hapo sokoni umo. Ilisimamishwa 2023, ikarudi 2024. Nenda na wenzako kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata, mkiwa na katiba ya kikundi. Akikuuliza kadi, mwombe aandike hilo sharti kwa mkono wake na kugonga muhuri.