Kabla ya Kuiita Roboti, Ipeleke Kivulini

Wanaoniomba ushauri wa kuanza kuunda roboti karibu wote huuliza wanunue kompyuta ndogo ipi. Huwaambia wasinunue yoyote kwanza. Waanze na jua.

Mashine yangu ya kwanza ilikuwa na paneli ndogo ya sola, kapasita (kifaa cha kuhifadhi umeme kwa muda mfupi), na mota niliyoing'oa kwenye redio kaseti mbovu. Ilinichukua siku nyingi kuelewa kwamba paneli ndogo vile haiwezi kuzungusha mota moja kwa moja. Umeme wake hudundulizwa kwenye kapasita, kisha saketi ndogo ya transista, yaani swichi ya kielektroniki, huuachilia kwa mkupuo. Mota inastuka, inatulia, inadunduliza tena. Mtaalamu wa roboti Mark Tilden ndiye aliyeieneza njia hii miaka ya 1990. Chagua mota inayokula umeme kidogo, na punguza uzito bila huruma: gundi ikizidi tu, utaona mwendo unavyopungua.

Ikatembea, nami nikaiita roboti. Kisha ikaingia chini ya meza na kusimama. Nilipoitazama pale kivulini niliona kuwa haikuwa imefanya uamuzi hata mmoja tangu ianze. Gari la kuchezea la kutia ufunguo lingeenda vilevile.

Nikaongeza mota ya pili na vihisi viwili vya mwanga. Jicho la kushoto likipata mwanga zaidi, gurudumu la kulia husukumwa zaidi, na mashine hugeukia kushoto, kwenye mwanga. Tangu hapo kipimo changu cha roboti ni kimoja: badilisha hali, utazame kama mashine yenyewe itabadili mwenendo ili kazi yake iendelee.

Kompyuta si lazima. Mwaka 1745 Edmund Lee wa Uingereza alipata hataza ya kinu cha upepo chenye feni ndogo nyuma, iliyokaa upande kwa mapanga makubwa. Upepo ukigeuka, feni hiyo huupata, huzunguka, na gia zake hukigeuza kinu mpaka mapanga yaukabili upepo tena. Hapo feni haipati upepo, inasimama. Kiwango cha kimataifa cha ISO 8373 kinataka roboti iwe imeprogramiwa, kwa hiyo kinu hiki kingeachwa nje. Mimi ningekiingiza, maana maagizo yake yamo katika mpangilio wa gia.

Lakini mashine ya miguu ya mhandisi Tad McGeer, aliyoieleza mwaka 1990 na iliyoshuka mteremko kwa nguvu ya mvutano wa dunia tu, siiiti roboti, japo ni mashine nzuri kuliko nyingi nilizoziona. Ondoa mteremko, haina la kufanya. Iunde hata hivyo. Itakufundisha kutembea kabla hujapoteza umeme kwa mota zisizohitajika.

Msanii Theo Jansen wa Uholanzi ndiye anayenipa kazi ya kufikiri. Tangu 1990 anaunda wanyama wa mabomba ya plastiki wanaotembea ufukweni kwa upepo. Baadhi wana mrija unaonyonya hewa karibu na mchanga. Ukinyonya maji, mnyama hurudi nyuma asiingie baharini.

Mashine yangu sasa ikifika ukingoni mwa kivuli hugeuka. Ikiingia katikati bado husimama, kwa kuwa umeme uliobaki kwenye kapasita hautoshi kuitoa. Wiki hii najaribu kapasita kubwa zaidi.