Hatuli nguruwe, tegu wa nguruwe ameingiaje kichwani mwa ndugu yangu?

SWALI: Assalaam aleikum daktari. Tunakaa Kisauni. Ndugu yangu wa miaka 27 alianguka kifafa mara mbili mwezi uliopita. Picha ya CT ilionyesha kifuko kimoja kwenye ubongo, tukaambiwa ni lava, yaani mtoto, wa tegu wa nguruwe, yule mnyoo mrefu bapa. Nyumbani kwetu nguruwe hatumli kabisa. Imekuwaje? Na je, nimnunulie albendazoli dukani aanze dawa wakati tunangoja kliniki?

JIBU: Wa aleikum salaam, dada. Nianze na la dukani: usimpe.

Lava akiwa hai hujificha, mwili usimtambue, na anaweza kukaa miaka bila dalili. Anapokufa, kinga ya mwili humvamia, ubongo unaomzunguka unavimba, na mara nyingi kifafa huanzia hapo. Albendazoli humuua, kwa hiyo siku za mwanzo uvimbe huo huzidi. Kama kuna kifuko kingine ndani ya jicho, mgonjwa anaweza kupoteza uwezo wa kuona.

Ndiyo maana kuna utaratibu. Kwanza dawa ya kifafa, kila siku bila kuruka. Kisha macho yachunguzwe kwa ndani, na daktari ahakikishe njia za maji ya ubongo hazijaziba. Kifuko kimoja hufanana pia na uvimbe wa kifua kikuu, basi apimwe TB na virusi vya ukimwi. TB iliyolala huweza kuamshwa na steroidi, dawa za kupunguza uvimbe. Halafu huanzishwa steroidi, yaani predinisoloni au deksamethasoni, kabla ya dawa ya minyoo. Albendazoli huja mwisho: miligramu 15 kwa kila kilo ya uzito kwa siku, zigawanywe asubuhi na jioni, kwa siku 10 hadi 14. Mwenye kilo 53 humeza kama miligramu 800 kwa siku, yaani kidonge cha 400 mara mbili. Kile kidonge kimoja cha dukani ni cha minyoo ya tumbo tu. Ameze pamoja na chakula chenye mafuta, mahamri na chai ya maziwa au wali wa nazi, kwa sababu tumbo tupu hufyonza dawa hii kidogo mno.

Muulize daktari jambo moja: kifuko kimeshageuka chokaa? Kama ndiyo, lava amekwisha kufa; dawa ya minyoo haina kazi, inabaki ya kifafa peke yake.

Sasa la nguruwe. Anayekula nyama ya nguruwe yenye lava, isiyoiva, hupata tegu mzima wa utumboni, wa mita 2 hadi 7. Mtu huyo mara nyingi hajisikii mgonjwa, lakini kinyesi chake kina mayai. Asiponawa vizuri akitoka chooni kisha akakatakata kachumbari, anayeila humeza mayai. Mayai hupasuka utumboni, lava hupenya hadi kwenye damu na kukwama kwenye misuli, jichoni au kwenye ubongo. Kwa hiyo ugonjwa wa ndugu yako umetoka kwa binadamu, si kwenye sufuria yenu. Mwaka 1992 madaktari wa New York waliripoti ugonjwa huu kwa Wayahudi wa Orthodox, ambao nguruwe hawamgusi, na chanzo kikaonekana kuwa wafanyakazi wa nyumbani waliokuwa na tegu. (Tegu wa ng'ombe, yule wa mishkaki mibichi, haingii ubongoni.)

Wote wanaoishi au kupika hapo wapime choo, sampuli 3 za siku tofauti, ndugu yako akiwemo. Msimnyooshee mtu kidole. Mwenye tegu mara nyingi hajui kuwa anaye, na kumtibu ni rahisi. Ila ndugu yako asipewe prazikwanteli, dawa nyingine ya minyoo, kiholela, maana nayo hufika kwenye ubongo.

Mboga mbichi zioshwe kwa maji safi yanayotiririka, na maji ya kisima yachemshwe, hasa kisima kikiwa karibu na choo cha shimo. Limau na siki msizitegemee.

Akianguka tena, mlazeni ubavu, msimtie kijiko wala kitu chochote mdomoni, na tazameni saa. Zikipita dakika 5, au akianguka tena kabla hajapata fahamu, mpelekeni hospitali mara moja.